Je, wajua kwa nini mwajiri hulipa nauli ya kukurudisha Kigoma?

Tuseme fundi mwashi wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, amefuatwa nyumbani na msimamizi wa kampuni: kuna kazi Dodoma, twende. Baada ya miezi 14 anaambiwa kazi imekwisha, achukue mshahara wake. Ana godoro, sanduku la vifaa, mke na mtoto mchanga. Nauli ni juu ya nani?

Ni juu ya mwajiri. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema mkataba ukisitishwa mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe pamoja na vyombo vyake, au amlipie usafiri, au ampe posho ya safari. Posho hiyo haiwezi kuwa chini ya nauli ya basi mpaka stendi iliyo karibu zaidi na alikochukuliwa, kwa hiyo mtu wa Kasulu hapewi nauli ya kuishia Tabora. Tena ipo posho ya kujikimu ya kila siku, tangu mkataba ulipokoma hadi yeye na familia yake wasafirishwe. Hii ya pili wengi hawaidai, labda kwa sababu hakuna anayewaambia.

Lakini sheria ya nchi nzima ilianzaje kujali stendi ya Kasulu? Fuata reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na chini ya Waingereza mikoa hii ikageuzwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha watu. Waha na Wanyamwezi waliandikishwa, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku hiyo haihesabiwi. Mkataba ulipokwisha, mtu alikuwa mamia ya kilomita kutoka kwao.

Hapo ndipo wajibu wa kumrudisha mfanyakazi ulipoota mizizi. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1939 kuhusu ajira za wenyeji wa makoloni uliuandika. Sidhani ilikuwa huruma. Serikali haikutaka vibarua wasio na kazi wajazane mijini, na tajiri wa mkonge alitaka mtu arudi kijijini, alishwe na shamba la mkewe, kisha aandikishwe upya.

Leo kinachowaponza watu ni neno moja: mahali ulipoajiriwa si mahali ulipozaliwa. Ukipanda treni mwenyewe, ukagonga geti la kiwanda Dar es Salaam na kupata kazi, umeajiriwa Dar es Salaam, hata kama kaburi la babu yako liko Buhigwe. Sheria inaangalia ulipofuatwa na mwajiri au wakala wake. Binti wa Urambo aliyetafutwa kijijini na dalali aliyetumwa na mwajiri ana hoja nzito kuliko huyo wa getini.

Mahali hapo panatakiwa kuandikwa kwenye maelezo ya ajira unayopewa unapoanza kazi. Ajabu ni kwamba kukosa karatasi kabisa kunaweza kuwa nafuu kuliko kuwa na karatasi iliyokosewa: mwajiri asipoweza kuonyesha maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukipinga kuachishwa kwenyewe, una siku 30 tu.

Na yule fundi wetu? Kama alitia saini fomu iliyoandikwa “Dodoma” bila kuisoma, itabidi amtafute jirani wa Mwanga aliyekuwepo siku msimamizi alipobisha hodi.