Plastiki ya kijani inapogeuka buluu

Wanafunzi wa sekondari wanapotembelea maabara yetu, siwaanzishii maelezo ubaoni. Nawapa kipande cha kioo kilichopakwa utando mwembamba wenye rangi ya kijani cha jani la mgomba, na multimita kama ile ya fundi redio. Wanagusisha ncha mbili za mita kwenye utando, namba zinaonekana: umeme unapita. Kisha nakishika kile kioo juu ya mdomo wa chupa ya amonia, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Haupiti muda kijani kinatoweka, inabaki buluu iliyokolea. Tunapima tena, na safari hii mita haisomi kitu. Tunakichovya kioo kwenye asidi iliyozimuliwa kwa maji, kijani kinarudi, na umeme nao unarudi.

Utando ule ni plastiki. Jina lake ni polianilini, na swali linalofuata huwa lilelile kila mwaka: mbona waya za nyumbani zinavikwa plastiki ili zisiturushe?

Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye atomu za kaboni. Kaboni ina mikono minne ya kushikana na wenzake. Katika plastiki ya mfuko au ganda la waya, mikono yote minne imeshika kwa nguvu na kila elektroni imefungwa mahali pake. Hakuna wa kutembea, kwa hiyo hakuna umeme. Katika polima ninazozizungumzia, yaani minyororo mirefu ya molekuli kama polianilini, kaboni zimepangwa kwa zamu: zinashikana mkono mmoja, zinazofuata mikono miwili, kisha mmoja, kisha miwili, mnyororo mzima. Ule mkono wa pili haushiki sana. Elektroni zake si mali ya atomu moja, zimetandaa kwenye mnyororo.

Hata hivyo mpangilio huo peke yake hautoshi. Fikiria daladala ya saa moja asubuhi iliyojaa hadi mlangoni. Konda anaweza kupaza sauti "sogeeni nyuma" mpaka akauke koo, hakuna atakayesogea kwa sababu hakuna nafasi. Abiria mmoja akishuka, wa karibu anachukua nafasi yake, wa nyuma yake naye anasogea, na ile nafasi tupu inasafiri kutoka mbele hadi nyuma ya gari. Polima nazo ni hivyo. Ukizinyang'anya elektroni chache, zilizobaki zinapata pa kusogea.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1976, lakini mwanzo wake ulikuwa kosa la kipimo. Mwaka 1967, katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, Hideki Shirakawa alikuwa akichunguza jinsi asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea vyuma, inavyojiunga kuwa polima. Kwa kawaida ilitoka unga mweusi usio na faida. Siku moja mtafiti mgeni katika maabara yake aliweka kichocheo mara 1,000 zaidi ya kilichotakiwa, na juu ya kimiminika ukaota utando unaong'aa kama fedha. Shirakawa hakuutupa. Kwangu hapo ndipo penye uzito wa habari nzima, maana wengi wetu tungeosha chombo na kurudia jaribio kwa kipimo sahihi.

Miaka kadhaa baadaye Alan MacDiarmid, mwanakemia aliyezaliwa New Zealand, alipita Tokyo, wakakutana wakati wa mapumziko ya kahawa, naye akamwalika Shirakawa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Huko, pamoja na mwanafizikia Alan Heeger, waliuweka utando ule kwenye mvuke wa iodini. Iodini ina tamaa ya elektroni, ndiyo iliyomshusha abiria. Uwezo wa utando kupitisha umeme ulipanda mara milioni 10. Walichapisha matokeo mwaka 1977, na mwaka 2000 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Haki inataka niseme pia kwamba mwaka 1963 Donald Weiss na wenzake nchini Australia walikuwa wameshaeleza polima inayopitisha umeme, iitwayo polipiroli. Na nyuma zaidi, mwaka 1862, Henry Letheby wa London alipitisha umeme kwenye anilini, kemikali inayounganishwa kupata polianilini, iliyotiwa asidi, akapata kitu cha buluu kilichogeuka rangi kila alipokibadilishia hali. Huyu alikuwa ameshika polianilini mkononi miaka zaidi ya 100 kabla ya watu kujua ni nini.

Sasa turudi kwenye rangi, kwa sababu watu wengi hudhani rangi ni pambo na umeme ndio kazi. Katika polima hizi, rangi na umeme vinatoka kwa elektroni zilezile. Elektroni ya mnyororo ikimeza mwanga wa kiasi fulani cha nishati, inaruka ngazi ya juu, na mwanga usiomezwa ndio unaofika machoni mwetu. Polima inayomeza mwekundu na chungwa tunaiona ya buluu. Ukiondoa elektroni, ngazi zenyewe zinabadilika: polima inaanza kumeza mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni, na rangi iliyokuwa imekolea inafifia. Polianilini ina njia yake kidogo. Asidi haiiongezei elektroni wala haiipunguzii. Inaipa naitrojeni iliyo kwenye mnyororo protoni, na hapo elektroni zilizopo zinajipanga upya kiasi cha kuweza kusafiri. Lakini mwisho ni uleule: ukiona rangi imehama, ujue hali ya umeme nayo imehama.

Polima ninayoipenda zaidi kwa jambo hili ni PEDOT, iliyobuniwa katika kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukiipaka kwenye kioo chenye tabaka angavu la kupitisha umeme na kuipa volti kama moja, chini ya betri ya tochi, inatoka buluu nzito na kuwa angavu kama anga la asubuhi. Ukigeuza volti, inarudi. John Reynolds na wenzake, Chuo Kikuu cha Florida na baadaye Georgia Tech, wametumia miaka mingi kutafuta rangi nyingine. Mbinu yao mojawapo ni kuupachika mnyororo matawi yanayoulazimisha ujipinde. Ukijipinda, elektroni hazitandai mbali, pengo kati ya ngazi linapanuka, na rangi inahama kuelekea nyekundu, chungwa, hata njano.

Aliyepanda Boeing 787 ya Air Tanzania au Kenya Airways ameshaona jambo linalofanana na hili: dirisha halina pazia, unabonyeza kitufe, kioo kinakolea buluu taratibu. Ndani yake mna jeli ya molekuli ndogo, si minyororo mirefu, ila kanuni ya kubadili rangi kwa umeme ni hiyohiyo.

Naomba tusidanganyane juu ya uwezo wa plastiki hizi. Shaba bado inapitisha umeme mara mamia kuliko PEDOT nzuri ya dukani, na utando ule wa Shirakawa, uitwao poliasetilini, haukufika sokoni kwa sababu hewa ya kawaida inauharibu. Polima hizi zimepata kazi kwenye kapasita, yaani vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji, za kompyuta na kwenye filamu za picha, ambako zilizuia chaji isirundikane. Ganda la waya nyumbani kwako halimo katika kundi hili, linabaki kuwa kinga. Na jaribio la anilini lisifanyike jikoni: ni sumu inayopenya ngozi.

Kazi ninayoitamani zaidi kwetu inahusu samaki. Samaki anapoanza kuoza hutoa gesi za jamii ya amonia, na polianilini, kama wanafunzi wanavyoona, hugeuka buluu inapozipata. Mwaka 2012 watafiti nchini Indonesia walibandika utando wake ndani ya pakiti ya mwatiko, samaki tunayemfuga pia katika pwani yetu. Kadiri samaki alivyoharibika, kibandiko kilitoka kijani kikawa buluu, na kilipochovywa kwenye asidi kiliweza kutumika tena.

Pale Feri, Dar es Salaam, mnunuzi anajua la kufanya: anatazama macho, anafunua mashavu aone wekundu, anabonyeza nyama. Minofu ya sangara kutoka Mwanza, ikishafungwa kwenye plastiki, haina macho wala mashavu ya kutazama.