Akili mnemba ndani ya mashine ya PET: maswali na majibu

Kipimo cha PET kinaonyesha nini?

PET ni kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili. Kinaonyesha jinsi seli zinavyofanya kazi, si umbo la kiungo tu. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Inayotumika zaidi ni FDG, aina ya sukari iliyobebeshwa florini-18. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, hivyo dawa hujikusanya palipo na uvimbe. Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi.

Mashine inaionaje dawa iliyo ndani ya mwili?

Dawa hutoa chembe ziitwazo positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuzaa miale miwili ya gama inayokimbia pande mbili zilizo kinyume. Mgonjwa amelala katikati ya pete ya vigunduzi vyenye maelfu ya fuwele. Mwale ukipiga fuwele hutokea mmweko, na kifaa kilicho nyuma yake huugeuza kuwa umeme. Mimweko miwili ikitokea karibu kwa pamoja, kompyuta hujua kwamba dawa iko mahali fulani kwenye mstari unaounganisha fuwele hizo mbili.

Mahali gani kwenye mstari huo?

Hapo ndipo penye kazi. Kompyuta hulinganisha muda wa mimweko miwili: mwale uliotangulia kufika ndio uliosafiri njia fupi zaidi. Mwanga husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Saa ya kigunduzi ikiyumba kwa pikosekunde 200 tu, ambazo ni moja ya tano ya nanosekunde, mahali dawa ilipo panayumba kwa sentimita 3, yaani nusu ya umbali ambao mwanga husafiri kwa muda huo, kwa kuwa kusogea kuelekea fuwele moja ni kujitenga na nyingine. Uvimbe mdogo unaweza kupotea humo. Isitoshe, mwale huweza kuingia fuwele kwa mshazari, au kudunda kutoka fuwele moja hadi ya jirani na kumulika zote mbili, na ni vigumu kujua uligonga wapi kwanza.

Akili mnemba inasaidiaje?

Njia ya kawaida hutazama wakati wimbi la umeme linapovuka kiwango fulani, basi. Umbo la wimbi lililobaki halitumiki, ingawa limebeba habari nyingi. Mwaka 2018, Eric Berg na Simon Cherry wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba mtandao wa neva, yaani programu ya akili mnemba inayojifunza kutokana na mifano, unaosoma wimbi lenyewe hukadiria muda vizuri zaidi. Mitandao ya aina hiyo hutumika pia kukisia kina ambacho mwale umegonga ndani ya fuwele.

Mwaka 2021, watafiti wa Japani na Marekani walifikia usahihi wa muda wa pikosekunde 32 wakitumia vigunduzi vya kasi pamoja na mtandao wa neva. Walipata picha yenye uwezo wa kutenganisha vitu kwa milimita 4.8, bila ukokotoaji mrefu unaohitajika kwa kawaida kuunda picha. Lakini walitumia jozi moja ya vigunduzi maabara, si mashine ya kulaza mgonjwa.

Je, hii ni sawa na AI inayosafisha picha?

Sivyo, na kwa maoni yangu watu huchanganya mno mambo haya mawili. Programu ya kusafisha hupokea picha iliyokwisha kutengenezwa na kuiondolea chengachenga. Ikifunzwa vibaya, inaweza kufuta doa la ugonjwa au kuchora lisilokuwepo, na picha ikabaki inapendeza. Kwenye kigunduzi, mtafiti huweka chanzo cha mionzi mahali anapopajua, kisha huangalia kama mtandao umepataja sawasawa. Jibu sahihi lipo na linapimika. Hata hivyo, mtandao uliofunzwa kwa kigunduzi kimoja unaweza kukosea kwenye kingine, kwa sababu fuwele hazifanani kabisa.

Mgonjwa atafaidika nini?

Kila mmweko ukibeba habari sahihi zaidi, picha ileile hupatikana kwa dawa kidogo au kwa kulala muda mfupi zaidi kwenye mashine. Watoto na wanaorudia kipimo mara nyingi ndio wenye faida kubwa.

Je, maandalizi yatabadilika?

Hapana. Kwa kipimo cha FDG bado utafunga kula kwa saa kadhaa, utakunywa maji na kutulia bila kujitikisa. Mwenye kisukari, mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, kabla ya siku ya kipimo.