Kwa Nini Haidrenjia Huchanua Buluu na Pinki kwenye Mteremko Uleule?

Bustani yetu ya Lushoto imelala kwenye mteremko, nusu yake ikiwa chini ya migrevilea. Haidrenjia zote tulizipanda kwa vipandikizi vya shina moja. Hata hivyo, zile za juu karibu na ukuta wa nyumba huchanua pinki, na za chini, kwenye majani yanayooza, huchanua buluu iliyokolea.

Kwa miaka mingi niliamini ni kivuli: jua hutoa pinki, miti hutoa buluu. Kisha nikaambiwa ni kutu, nikafukia misumari kwenye shina la ukutani. Maua yakabaki pinki, kwa sababu chuma hakihusiki. Kivuli nacho huzuia maua yasikauke mapema, lakini si chanzo cha buluu. Hata anayejibu "ni tindikali ya udongo" amesema nusu tu, tena nusu inayochanganya: shuleni tulifundishwa kwamba tindikali hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu. Haidrenjia hufanya kinyume kabisa!

Siri ni alumini. Udongo wa kawaida unayo tele, ila imefungiwa kama ng'ombe zizini, na tindikali ndiyo inayofungua lango. pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka kwenye maji ya udongo, mizizi ikainywa. Ikipanda kupita 6.5, lango hufungwa. Alumini ipo palepale, lakini mmea hauipati.

Ndani ya ua kuna mafiga matatu. La kwanza ni delfinidini, rangi ya ua lenyewe. La pili ni alumini. La tatu ni kemikali isiyo na rangi, ya jamii moja na zile zilizomo kwenye kahawa. Yakikutana yote, buluu inainjikika. Ondoa la alumini, na delfinidini ileile itaonekana pinki. Ndiyo maana haidrenjia nyeupe haigeuki buluu hata uipande wapi: haina figa la kwanza. Zipo pia aina za pinki ambazo hazifiki buluu safi, huishia zambarau.

Sasa mteremko. Mvua za milimani huosha kalisi na magnesi kutoka kwenye udongo, na udongo unabaki na tindikali. Huku juu mambo ni mengine: saruji ya ukuta hudondosha chokaa kila mvua inaponyesha, na sisi wenyewe tulikuwa tukimwaga majivu ya jikoni papo hapo. Vyote viwili hupunguza tindikali. Mbolea ya DAP huongeza tatizo, kwa kuwa fosfeti yake hung'ang'ania alumini kabla mizizi haijaifikia.

Anayetaka buluu karibu na nyumba apeleke majivu kwingine, kisha ayeyushe kwenye maji ya kumwagilia shabu kidogo, ileile ya vinyozi, kwa kuwa ni chumvi ya alumini. Iwe kidogo kweli, maana ikizidi huunguza mizizi, na udongo uwe umeloa kwanza. Maua yaliyokwisha kuchanua hayatageuka sana. Mabadiliko tazamia msimu ujao, na mara nyingi yataanza na zambarau.