Joto la Chania halibebwi na vumbi

"Kaka, ramani inaonyesha vumbi la Sahara linafika kesho. Niwahamishie wazee vyumba vya chini? Nasikia likitua linapika mji mzima." Aliyeniandikia ni dada mmoja wa Mombasa anayehudumia wazee hapa Chania, kaskazini mwa kisiwa cha Krete. Hilo ni swali la nne la aina hiyo tangu Machi ianze. Nimechoka kulijibu kwa mkato, maana jibu la mkato linaweza kumuumiza mtu.

Vumbi halileti joto. Mchana vumbi zito hufanya kinyume kabisa: huzuia jua, ardhi ikakosa moto wake wa kawaida. Usiku ndiyo, hufunika kama blanketi, lakini hilo si joto linalowaangusha wazee saa nane mchana.

Chanzo chenyewe hakina utata. Kuanzia Machi jangwa linapamba moto ilhali bahari bado ni baridi, nyuzi joto 17 hivi. Tofauti hiyo huulisha mgandamizo mdogo wa hewa unaozaliwa nyuma ya milima ya Atlas, nao husafiri mashariki ukiambaa pwani ya Afrika Kaskazini. Mbele yake huvuma kusi kali linalokwangua vumbi la Libya. Wamisri upepo wa namna hiyo huuita khamsin, ni hamsini yetu hii hii, kwa zile siku hamsini ambazo huzuka mara kwa mara. Ni kusi la aina hiyo lililoijaza Krete vumbi tarehe 22 Machi 2018, na likaligeuza anga la Athens rangi ya chungwa tarehe 23 Aprili 2024.

Sasa joto. Hewa ya jangwani ikifika baharini haigusi maji. Ni nyepesi, hivyo hupita juu ya hewa baridi na nyevu iliyolalia mawimbi. Aprili mwaka jana niliondoka Chora Sfakion, pwani ya kusini, kioo cha gari kikiwa na madoa: kila tone la manyunyu lilikuwa limeacha duara la tope rangi ya matofali. Kipimajoto kilisoma 20. Nikapanda hadi Askyfou milimani, nikateremkia Vrysses upande wa kaskazini, nikashusha dirisha. Midomo ilikauka papo hapo, na michungwa ya kando ya barabara ilikuwa ikichapwa na upepo. Chania nikakuta 31. Vumbi lilikuwa lile lile kusini na kaskazini. Kilichosimama katikati ni Lefka Ori, milima inayofika mita 2,453.

Hewa ikiteremka hugandamizwa, na ikigandamizwa hupata moto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Chukua hewa ya nyuzi 18 iliyo mita 1,500 juu, iteremshe mpaka usawa wa bahari: nyuzi 33.

Vitabu vya hali ya hewa navyo vinanikera. Karibu kila kimoja huchora mlima, mvua ikinyesha upande upepo unakotoka, kisha hudai kwamba joto la foeni, yaani upepo mkavu wa joto unaoshuka milimani, limetokana na mvua hiyo. Hutokea, sikatai. Lakini siku ile Sfakia, huko pwani ya kusini nilikotoka, palinyesha manyunyu tu, na joto likaja. Mara nyingi hewa ya chini huzuiwa na mlima, ikatuama huko huko kusini. Inayovuka na kuteremka ni ile ya juu, iliyokuwa kavu tangu mwanzo. Mchoro wa mvua hauelezi hilo hata kidogo, na wanafunzi bado wanaukariri.

Hata hivyo wanaosema "ni Sahara" hawajakosea kabisa. Hewa ile ya nyuzi 18 ilikuwa moto ilipokuwa chini jangwani. Ilipopanda ikapoa, mlima ukairudishia moto wake. Basi joto ni la jangwa au la mlima? Kwa kituo kimoja cha Chania siwezi kutenganisha, na mtabiri anayenipa asilimia kamili siku hiyo hiyo simwamini. Ninachoshikilia ni kwamba jangwa peke yake halitoshi, la sivyo Sfakia, iliyo karibu zaidi na Libya, ndiyo ingeungua kwanza. Mwaustria Julius Hann, mtaalamu wa hali ya hewa, alilisema hili mwaka 1866. Wakati huo wako walioamini kwamba foeni ya Uswisi inatoka Sahara, yeye akawaonyesha kuwa hata Greenland kuna upepo wa joto unaoshuka milimani. Huko kuna jangwa gani la moto?

Kwa hiyo, dada yangu, ramani ya vumbi itumie kufunga madirisha na kuwakinga wenye pumu. Kuhusu joto, tazama upepo wa kilomita moja na nusu juu. Ukiwa wa kusi na mkali, wahamishe wazee na uwawekee maji tangu usiku, hata kama anga litakuwa safi. Mwambie na jirani asichome matawi ya mizeituni aliyopogoa, kwa sababu unyevu huporomoka ndani ya saa chache na upepo wa mteremkoni huvuma kwa vishindo. Na simu yako ikiandika 26, ongeza nyuzi kadhaa: modeli nyingi za kompyuta za utabiri huipunguza Lefka Ori ikawa kilima.