SpO2: ile asilimia ya oksijeni kwenye saa yako ina maana gani?

SpO2 ni makadirio. Inakadiria ni sehemu gani ya hemoglobini kwenye damu yako ya ateri imebeba oksijeni, inaitaja kwa asilimia, na inapata jibu kwa kumulika ngozi tu, bila sindano. Kipimo kamili, kile cha kutoa damu kwenye ateri ya mkono na kuipitisha kwenye mashine ya maabara, kina alama yake: SaO2. Ukiona p mahali pa a, jua aliyepima ametazama kwa nje akapiga hesabu.

Nalitanguliza hili kwa sababu saa janja zimejaa Moshi na Arusha, kuanzia za wageni wa Mlima Kilimanjaro, ambazo bei yake inakaribia ya bodaboda iliyotumika, hadi zile za bei chee zinazoning'inia kwenye maduka ya simu pamoja na chaja na kava. Zote zinaandika 98% kwa rangi ya kijani, na zote zinaiandika kwa kujiamini kulekule.

Asilimia ya nini, basi? Hemoglobini ni protini nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu, na kila molekuli yake ina nafasi nne za kubebea oksijeni. SpO2 ya 97 inasema kwamba kati ya kila nafasi mia, kama 97 zimejaa. Haisemi nafasi zenyewe zipo ngapi. Hais tatu za Marangu zilizojaa mpaka mlangoni zimejaa asilimia mia, lakini kama siku nyingine stendi huwa na hais kumi, watu wengi leo wamebaki barabarani. Ndiyo maana mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuonyesha 98 huku akihema kwa kupanda ngazi chache. Namba yake ni ya kweli kabisa, ila imejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Mbinu yenyewe ilitoka Japani. Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden ndiye aliyeibuni, mwaka 1974. Damu yenye oksijeni ni nyekundu angavu, isiyo nayo ni nyekundu iliyokolea, na kila moja inanyonya mwanga kwa namna yake. Kifaa kinawasha taa mbili, nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho iitwayo infraredi, kisha kinapima ni mwanga kiasi gani umesalia baada ya kupita mwilini. Kazi kubwa ilikuwa kuitenga damu ya ateri na nyama, mfupa na damu ya vena. Aoyagi alitumia mapigo ya moyo: kila pigo linasukuma damu mpya ya ateri, mwanga unapungua kidogo, kisha unarudi. Kinachochezacheza ni ateri, kilichotulia ni vingine vyote. Zile taa za kijani unazoziona nyuma ya saa nyingi ni za kuhesabu mapigo ya moyo. Oksijeni inasubiri taa nyekundu na infraredi.

Kile kidude cha kubana kidole, ambacho wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19, kina taa upande mmoja na jicho la kupokea upande wa pili, hivyo mwanga unakatiza kidole kizima. Saa haiwezi kufanya hivyo, kwani mkono ni mnene na una mifupa miwili katikati. Taa na jicho vinakaa upande mmoja, na saa inasoma mwanga kidogo unaorudi. Juu ya kifundo cha mkono mishipa midogo ya damu ni michache kuliko kwenye ncha ya kidole, kwa hiyo lile wimbi la pigo ni dhaifu. Mkanda ukilegea, ukitingisha mkono, ukiulalia usiku, au ngozi ikipoa, namba inaharibika.

Mahali pa kuliona hili vizuri ni Horombo, kambi ya njiani kwenda kileleni Kilimanjaro, mita 3,720, jioni wakati wa chakula. Mwongozaji anapita mezani na kidude cha kidole na daftari. Mgeni anamwonyesha saa: 78. Uso umemshuka. Mwongozaji habishani na saa. Anamwambia avue glavu, ashike kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili na atulie kidogo. Kisha anambana kidole cha shahada, anasubiri mpaka namba iache kurukaruka, anaandika 87. Ile 78 ilitokana na mishipa iliyojibana kwa baridi. Mwili ukisikia baridi unairudisha damu katikati na kuiacha mikono, na wimbi likishakuwa dogo, saa inabaki kubahatisha.

Tukiwa bado mlimani, ieleweke kwamba 87 ya Horombo si 87 ya Majengo, pale Moshi mjini. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ile nguvu inayoisukuma oksijeni kuingia kwenye damu. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni kama nusu ya ule wa pwani. Mtu mzima wa afya akiwa Moshi mjini au Arusha, ambayo iko kwenye mita 1,400 hivi, anatarajiwa kusoma 95 kwenda juu. Akifika Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, namba za themanini na kitu si ajabu, na wapo wanaosoma chini ya hapo na wanakula vizuri.

Halafu hemoglobini haiachii oksijeni kwa mwendo mmoja. Mgandamizo unaweza kushuka sana huku asilimia ikisogea pole pole tu kutoka 98 hadi 92 hivi. Ikivuka 90 kwenda chini, inaporomoka haraka. Kwa hiyo juu mlimani tofauti ndogo ya pumzi inaonekana kama tofauti kubwa ya namba. Mtu akivuta pumzi ndefu mara kadhaa anapanda pointi kadhaa mbele ya macho yako, na wapo wageni wanaofanya hivyo makusudi ili wasirudishwe. Waongozaji wazoefu wanaujua mchezo huo, na wanampima mtu huku wakimpigisha stori.

Chini ya 70, usijisumbue. Vifaa hivi husawazishwa kwa kuwavutisha watu waliojitolea hewa yenye oksijeni kidogo na kulinganisha na damu yao, na kwa usalama wao hawashushwi zaidi ya kiwango hicho. Saa ikiandika 64, imekisia.

Watu wengi wanashangaa kusikia kwamba alama za Lake Louise, zinazotumika duniani kutambua ugonjwa wa mwinuko tangu 1991 na kurekebishwa mwaka 2018, hazina SpO2 kabisa. Zinauliza kichwa kinauma kiasi gani, kama kuna kichefuchefu, uchovu ni wa namna gani, kuna kizunguzungu au hakuna. Mgeni mwenye 85 anayecheka na kumaliza sahani yake anaendelea. Mwenye 90 anayeyumba kama mlevi akiambiwa atembee kwenye mstari, au anayekohoa na kuhema akiwa amekaa, anashushwa usiku huohuo, na saa yake ishuke naye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliolinganisha kidude cha kidole cha hospitali na damu ya ateri ya wagonjwa walewale. Pale kidude kiliposoma kati ya 92 na 96, damu ya wagonjwa weusi ilikutwa chini ya 88 katika vipimo 11.7 kwa kila mia. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa 3.6. Melanini ya ngozi nayo inanyonya mwanga, na kwa miaka mingi vifaa vilisawazishwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeupe. Angalia kosa linaelekea wapi: linapandisha namba. Linamwambia mtu mweusi kwamba yuko salama wakati hayuko. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2021, na Januari 2025 ikatoa rasimu ya mwongozo inayowataka watengenezaji wavipime vifaa vya hospitali kwa watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali za ngozi. Hivyo ni vifaa vya hospitali. Saa ya mkononi, yenye mwanga dhaifu zaidi, sioni kwa nini tuiamini kuliko hivyo. Kwetu sisi 94 si namba ya kupuuza kirahisi.

Kuna na mtego wa jiko. Juni na Julai, baridi ikibana, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, ambayo inakaa kwenye zile nafasi za hemoglobini na kuzizuia. Bahati mbaya hemoglobini iliyobeba sumu hii inaonekana nyekundu angavu kwa kifaa cha taa mbili, nacho kinaihesabu kama oksijeni. Mtu anapoteza fahamu huku kidole kinasoma 98. Wapishi wa mlimani wanaopikia ndani ya hema wako kwenye hatari hiyohiyo. Kichwa kikianza kuuma kwa wote mliomo chumbani, tokeni nje. Hapo namba haina la kusema.

Kuhusu kununua. Apple ilipoleta kipimo hiki kwenye saa ya Series 6, Septemba 2020, iliandika yenyewe kwamba si kwa matumizi ya tiba, na Garmin inaandika vivyo hivyo. Kifaa cha kusoma mwanga unaorudi kinachotaka kuitwa cha tiba Marekani kinatakiwa, kwa mwongozo wa mwaka 2013, kisizidi kosa la 3.5, maana yake takribani vipimo viwili kati ya vitatu viwe ndani ya pointi 3.5 za damu yenyewe. Hicho ndicho kilichofaulu! Kikisema 90, kuwa 87 au 93 ni jambo la kawaida, na kimoja kati ya vitatu kinaweza kuwa mbali zaidi. Kwa hiyo kuhangaika kwamba jana ulikuwa 97 na leo 95 ni kujitafutia presha.

Kwa saa za bei chee, ifunge kwenye ndizi mshare uone. Sifanyi mzaha. Hata saa nzuri huweza kudanganyika na kuonyesha mapigo ya moyo kwenye kitu kisicho na uhai, hivyo mapigo peke yake hayathibitishi kitu. Ila saa inayoipa ndizi oksijeni 98 na presha 120 kwa 80, irudishe kwa mwenye duka. Na ikidai kupima sukari bila kutoboa ngozi, wala usifike kwenye ndizi: Februari 2024 FDA ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari akichoma insulini kwa kufuata namba ya namna hiyo, anaweza kufa.

Je, saa haina faida? Inayo, kwa mwelekeo wa muda mrefu wa mtu mmoja, na hasa usiku. Ukikuta kila asubuhi grafu imeshuka na kupanda kama meno ya msumeno, na mwenzako analalamika kwamba unakoroma halafu unanyamaza kama umekata pumzi, na mchana unasinzia kwenye kiti, peleka habari hiyo hospitali. Mshuko mmoja wa saa tisa usiku mara nyingi ni mkono uliolaliwa.

Nyumbani, namba ya kuchukulia hatua ichukue kwa kidude cha kidole: mtu ametulia, mikono ina joto, kucha hazina rangi wala hina nyeusi, na umesubiri nusu dakika au zaidi. Ikirudia 92 au chini ukiwa Moshi au Arusha, nendeni hospitali bila kungoja kesho. Na mtoto anayehema mbio huku mbavu zikiingia ndani hapimwi kwanza, anabebwa. Siku utakayobanwa kidole kliniki kwa sababu nyingine yoyote, soma na saa yako dakika hiyohiyo, uandike tofauti mahali. Saa ileile mkononi mwa jirani inaweza kukosea kwa kiasi kingine kabisa.