Mgeni kaja Kigoma kikazi: mpe ugali wa muhogo na dagaa, ila saladi iacheni kwanza

Mwakeye wana Kigoma. Mimi ni afisa lishe, na leo ofisi yetu imenipa nafasi niongelee jambo ambalo tunaulizwa sana, hasa na wenye nyumba wanaopangisha wageni, wapishi wa gesti, madereva wa miradi na kina mama ntilie wa Mwanga na Kibirizi. Swali lenyewe ni hili: mtu katoka Ulaya au Japani kaja kufanya kazi huku miezi sita au miaka miwili, je tumpe chakula chetu au tuhangaike kumtafutia chipsi na soseji ili asije akaumwa tukalaumiwa?

Nianze na kisa. Kuna injinia mmoja wa maji, kijana wa kizungu, wiki tatu za mwanzo alikuwa anakula kwenye hoteli moja tu mjini (siitaji), kuku, chipsi, saladi, juisi ya pasheni yenye barafu. Jumamosi fundi mwenzake akamwalika kwake Ujiji, mama wa nyumbani akajipinda kwelikweli, ugali wa muhogo, migebuka (samaki wa ziwa letu) ya kuunga kwa mawese, kisamvu kimepikwa tangu asubuhi. Mgeni kala vizuri tu, karudi. Jumapili saa mbili usiku anatapika na kuharisha hajielewi, na kesho yake ofisini kwao story ni moja tu, mawese yamemuua mzungu. Yule mama alivyosikia alilia, mi nilimkuta amekaa mlangoni hataki hata kuongea.

Sisi kazi yetu kwenye mambo kama haya ni kuuliza maswali ya kuchosha. Nikamwomba injinia anitajie kila kilichopita mdomoni kwake kwa siku tatu, hata maji ya kupigia mswaki. Akataja, akataja, mwishoni ndo akasema Jumapili saa nane mchana alikula hotelini saladi ya viazi yenye mayonezi. Nikaenda kuuliza jikoni, saladi ilitengenezwa saa mbili asubuhi, umeme ukakatika saa nne, friji likawa kabati. Sasa hesabu wewe mwenyewe. Kuna bakteria wanaotoka mikononi na puani kwa mpishi, wakikaa kwenye chakula cha uvuguvugu wanatengeneza sumu, na ukila sumu hiyo unaanza kutapika ndani ya nusu saa mpaka masaa nane hivi. Saa nane mchana mpaka saa mbili usiku ni masaa sita. Sikupima maabara, saladi ilishamwagwa, kwahiyo siwezi kuapa, ila mawese ya Jumamosi mi niliyaondoa kwenye orodha ya watuhumiwa mapema sana. Na msiniambie kwamba "mbona nyumba nzima Ujiji walikula na hawakuumwa", hiyo peke yake sio ushahidi, mwenyeji tumbo lake lishazoea vijidudu vya hapa, mgeni bado.

Ninachotaka kusema ndo hicho hicho. Chakula hakimdhuru mgeni kwa sababu ni kigeni kwake. Kinamdhuru kwa sababu kimekaa, au kimeshikwa baada ya kuiva, au kimeoshwa na maji mabaya. Sasa angalia chakula chetu cha asili, karibu chote kinachemshwa mpaka kinaiva kabisa na kinaliwa cha moto. Chakula tunachoona ni "salama kwa mzungu" ndo kile kibichi na cha baridi, saladi, matunda yaliyokatwa tangu asubuhi, sandwichi, barafu. Tunamkwepesha dagaa tunampeleka kwenye mayonezi!

Wageni kuja kula Kigoma sio jambo la leo. Stanley alimkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, na Livingstone alikuwa anasumbuliwa na kuhara damu muda mrefu, akaja kufa 1873 huko iliko Zambia ya sasa na ugonjwa huo ukiwa bado unamtesa. Kuhara damu ni mambo ya kinyesi kuingia kwenye maji na chakula. Kule Gombe kwenye hifadhi ya sokwe nako watafiti wanapokezana tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika 1960, wanaishi hapo miezi na miaka, wanakula samaki wa Ziwa Tanganyika hilihili.

Haya tuje kwenye dagaa maana hapa ndo penye utamu. Dagaa wetu ni jamii moja na sadini, wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika kwa sababu dagaa hawaifuati taa, na alfajiri mitumbwi inarudi mwaloni. Ukitaka dagaa wabichi kwa ajili ya mgeni nenda Kibirizi alfajiri hiyohiyo. Yule wa saa sita mchana ambaye kakaa kwenye beseni juani macho yameshakuwa meupe, muache. Wengi wanadhani moto unarekebisha kila kitu, sio kweli. Samaki wa jamii hii wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini, na hiyo hata ukaange mpaka wawe mkaa haitoki, mtu anakula halafu dakika chache uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, mgeni anaandika kwenye daftari lake kwamba ana aleji ya samaki wa Tanganyika kumbe alipewa samaki waliolala juani.

Dagaa wakavu wao angalia walianikwa wapi. Wa kwenye vichanja ni wasafi, wa chini ni mchanga na mambo mengine ambayo kuku na mbuzi wanaacha. Shika kiganja kimoja, wavunje, wakivunjika kwa mlio ni wakavu, wakijikunja kama kamba bado wana maji na ukungu hauko mbali. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, samaki wabichi walikuwa wa shida, na kipindi kama hicho wakavu ndo tegemeo, kwahiyo ujue kuwachagua. Osha kwa maji ya moto mara mbili, kaanga, weka nyanya na kitunguu. Mgeni akiogopa vichwa mtolee mara ya kwanza, sio kesi, ila mwambie ale na mifupa yake maana kalsiamu iko humo, na dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Nimeona watu wanalipia makopo ya vidonge vya kalsiamu kutoka kwao na hapo mezani bakuli la dagaa linawaangalia.

Ugali wa muhogo una maneno mengi. Wageni wakisoma kwenye intaneti wanakuta muhogo una sianidi wanashtuka. Kweli ipo, hasa kwenye muhogo mchungu, na ndo maana bibi zetu wanaumenya, wanauloweka siku tatu nne mpaka unalainika na kunuka ile harufu yake, ndo wanauanika na kutwanga. Kule kuloweka ndiko kunakoitoa sumu. Shida inakuja pale mtu ana haraka, njaa au bei nzuri sokoni, anaukata vipande anauanika bila kuloweka vizuri, na watu wakiula hivyo wiki na wiki bila protini ya maana wanaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na hairudi. Kwa mgeni anayekula mara mbili kwa wiki hiyo sio hofu kubwa, ila nunua unga kwa mtu unayemjua anavyoutengeneza. Na kisamvu vilevile, twanga mpaka kilainike kabisa, chemsha muda mrefu na sufuria usifunike mwanzoni ili ule mvuke uondoke nao. Halafu muhogo wenyewe ni wanga tu, protini yake ndogo sana, kwahiyo ugali wa muhogo bila dagaa au maharage ni kushiba bila kulishwa. Wa kale walijua kuviweka sahani moja.

Mawese. Ile rangi nyekundu ni karotini, mwili unaigeuza vitamini A, kwa watoto wetu ni dawa ya macho kabisa. Lakini mkiyachemsha mpaka yanakuwa meupe na jiko lote limejaa moshi, mmeshaichoma karotini yenyewe, mmebaki na mafuta tu. Na tusidanganyane, karibu nusu ya mafuta hayo ni yale mazito ambayo mwenye matatizo ya moyo anaambiwa apunguze, ndo hayo yanayofanya chupa igande asubuhi ya baridi kule Kasulu. Mgeni ambaye hajazoea ukimuwekea mchuzi unaoelea mawese siku ya kwanza tumbo litalegea, hapo sio ugonjwa, ni mafuta mengi kwa mpigo. Anza na kijiko kimoja kwenye chungu cha watu wanne, wiki ya pili ongeza. Mimi binafsi maharage bila mawese siyaelewi.

Maji sasa. Ziwa letu linadanganya, ni safi unaona jiwe chini, mgeni anakinga kiganja anakunywa. Uangavu hauoneshi vijidudu. Wazee wa huku tunakumbuka Kagunga mwezi wa tano 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi wamebanana kijijini pale ufukweni, kipindupindu kikaingia na watu wakafa pembeni ya ziwa lenye maji yanayong'aa. Maji yachemke yale ya kububujika hasa, dakika moja inatosha kwa huku kwetu, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko na koki, sio ndoo ambayo kila mtu anazamisha kikombe na vidole. Barafu ni maji, watu wanasahau hilo, unamchemshia mgeni maji alafu unamuwekea barafu ya kununua dirishani. Mboga mbichi zinazoliwa bila kupikwa kwa mwezi wa kwanza acha, mpe ndizi, embe, papai, parachichi, tunda ambalo analimenya mwenyewe mkono wake ukiwa umeoshwa kwa sabuni.

Na wali wa jana! Wali una mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa kuchemka, ukiuacha kwenye sufuria usiku kucha zinaamka na kuacha sumu ambayo kuupasha asubuhi hakuiondoi. Kiporo kinachobaki kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na siku ya joto kali saa moja tu. Kama huna friji, pika kinachotosha.

Kina mama ntilie nyie mna nguvu kuliko mnavyojua. Yuko mmoja pale Mwanga, simtaji jina, sufuria ya maharage yake haishuki jikoni kuanzia saa tano mpaka saa tisa, inatokota mkaa mdogomdogo, sahani anazitoa kwenye maji ya moto na kuzisimamisha zijikaushe zenyewe, hafuti na kitambaa, na anayepokea hela sio anayepakua. Mimi wageni wangu nawapeleka hapo bila wasiwasi. Mgeni akikuuliza mgahawa mzuri usiangalie kitambaa cha meza, angalia kama chakula kinatoa moshi.

Muulize pia kabla hujapika, kuna kitu kinachokudhuru? Aleji ya karanga kwao sio deko, mtu anaweza kuvimba koo akafa, na sisi karanga tunaziweka kwenye kisamvu na mchicha bila kutaja. Karanga au mahindi yenye ukungu usimpe mtu yeyote, mgeni wala mwanao, mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Gongo msimpe hata akiomba. Maziwa yachemsheni. Na uyoga wa porini mvua zikianza, kama aliyeuchuma hakuzaliwa anauchuma, hapana.

Akiharisha basi, msikimbilie flajili dukani, mara nyingi kuharisha kwa mgeni kunaisha kwenyewe siku mbili tatu na kinachomuua mtu ni kukaukiwa maji. Mpe ORS ya pakiti, ile ya kurudisha maji mwilini, ikikosekana lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyolingana na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogokidogo. Ila kuna damu, au haja kama maji ya mchele isiyokatika, au hakojoi, au anatapika kila anachomeza, au ana homa, mpeleke kituo cha afya muda huohuo. Homa nasisitiza, Kigoma malaria ni nyingi na malaria inaweza kuja na kutapika na kuharisha, nimeshaona mtu anakaa siku tatu analaumu samaki, kipimo cha kutoboa kidole kinatoa jibu robo saa.

Yule injinia alirudi Ujiji baada ya wiki mbili, mama akamtengea migebuka ileile, mara hii anamega tonge linamuunguza vidole na anacheka. Alipomaliza mkataba alibeba dagaa wakavu na chupa ya lita moja ya mawese aliyoifunga na mifuko mitatu. Desemba akanitumia meseji na picha ya chupa imepinduliwa kichwa chini na hakuna kinachotoka, anauliza je yameharibika? Nikamwambia hapana kaka, weka chupa kwenye maji ya moto dakika kumi.