“Agreement” na “contract”: tofauti haiko kwenye karatasi

Wengi huamini “agreement” ni mapatano ya mdomo, na “contract” ni yaliyoandikwa na kusainiwa. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaita “contract” ile “agreement” inayoweza kutekelezwa kisheria. Kifungu cha 10 kinataka ridhaa huru, watu wenye sifa za kisheria, malipo halali na lengo halali. Fundi na mwenye nyumba wakipatana kwa mdomo kupaka rangi vyumba 3 kwa shilingi 300,000, wameshafunga mkataba. Aliyesainishwa kwa vitisho anaweza kuutengua wake, hata ukiwa na mihuri. Ila ardhi, tahadhari sana: kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinadai maandishi.